Kistari Kwenye Daftari la Mvua

Jumatatu, 14 Novemba 2005

Daftari la chuo kikuu lina safu mbili tu, tarehe na milimita, na mimi ni mtu wa maneno mengi. Kwa hiyo nimechukua daftari la pili, la kwangu, la kusemea. Mkaguzi akilikuta ajue si mali ya shule. Ni la Tabita, mwalimu wa darasa la tatu, mzaliwa wa Iyula kwenye baridi na kahawa, aliyeletwa huku bondeni Mbangala kufundisha na kutoka jasho.

Leo saa tatu asubuhi nimepima: 0.0. Huu ni mwaka wa tatu tangu watu wa chuo waje kuchimbia kipimamvua nyuma ya ofisi ya mwalimu mkuu. Ni mtungi wa bati wenye mdomo wa faneli, ndani yake chupa, na pembeni kioo chembamba cha kusomea milimita. Wao wana setilaiti inayotazama mawingu kutoka juu, mimi natazama chupa huku chini. Tukikubaliana, alisema Dokta Lusungu wa chuo siku ya semina, ndipo ramani yao inakuwa ya kweli. Niliipenda kazi hiyo palepale. Kuna wanaopenda kwaya, mimi napenda kusoma kioo.

Mvua huku huanza katikati ya mwezi huu. Hatujachelewa.

Alhamisi, 17 Novemba

0.0.

Ijumaa, 18 Novemba

0.0. Mawingu meusi yamejaa tangu asubuhi, tukaanua nguo. Yamepita. Tumezianika tena.

Jumatano, 23 Novemba

Mzee Ngusa ameleta maziwa. Ni jirani yangu, Msukuma, alihamia hapa na ng'ombe wake miaka mingi kabla yangu. Ananiita mayu, yaani mama, ingawa mwanawe wa kwanza, Masumbuko, nakaribia kulingana naye. Nilikuwa nimelifungua daftari la mvua mezani. Kusoma hajui sana, lakini namba anazijua, maana amehesabu ng'ombe maisha yake yote.

Akaweka kidole kwenye safu. "Sifuri, sifuri, sifuri. Mayu, mbona unaifukuza?"

"Naandika kilichopo, baba."

"Ng'ombe wangu asiporudi jioni, mimi sisemi hayupo. Nikisema hayupo nimemkabidhi kwa fisi. Nasema yuko njiani, na kamba yake naiacha palepale kwenye mti wake. Mvua nayo ni hivyo hivyo. Usiandike haipo. Iwekee nafasi yake."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alisimama na kibuyu chake mkononi akisubiri, mtu mzima, kama mzazi aliyekuja kuombea mtoto asifukuzwe shule. Nikakumbuka malaria yangu ya mwaka juzi, mkewe Yudita alivyolala sakafuni kwangu siku tisa akinilisha uji kwa kijiko. Kitu gani hicho cha kumnyima mtu kama huyu? Nikachukua kalamu, na kwenye mstari wa leo, badala ya sifuri, nikaweka kistari kifupi.

"Hapo sawa," alisema. "Umeiachia nafasi."

Mtu yeyote mwenye akili atajua kistari ni jua.

Alhamisi, 24 Novemba

–

Jumamosi, 3 Desemba

11.2! Imenyesha tangu adhuhuri jana, nene, ya kupiga mabati hadi hatusikiani. Kijiji kizima kiko shambani. Yudita amepita na jembe begani akanipigia kelele kutoka njiani: "Mwalimu wa mvua, umeona kistari cha mume wangu? Mwambie mkuu wako akuongeze cheo!" Edina, mtoto wao wa mwisho, ambaye ni mwanafunzi wangu, alikuwa nyuma yake amebeba mbegu, kapakwa tope mpaka masikioni. Nimecheka mpaka nikakaa chini. Nimepanda na mimi robo eka yangu.

Jumatano, 14 Desemba

–. Tumepiga kura shuleni. Foleni ilikuwa ndefu, na watu walikuwa wanatazama juu kuliko walivyotazama sanduku.

Jumapili, 25 Desemba

–. Mahindi yaliota vidole viwili yakasimama hapo. Wengi wamepanda mara ya pili kwenye udongo mkavu, wakitegemea. Kanisani tumeimba vizuri.

Jumamosi, 31 Desemba

–. Nimefunga nakala ya mwezi kwenye bahasha, itapanda gari la mizigo kesho kwenda Mlowo, na kutoka pale basi hadi chuoni. Desemba nzima nimeandika namba mara tatu. Vilivyobaki vyote ni vistari. Ukiutazama ukurasa kwa mbali unafanana na kitambaa kilichoshonwa kwa mkono.

Jumatatu, 9 Januari 2006

Shule imefunguliwa. Darasa langu lina watoto sitini na mmoja. Wamekuja thelathini na nane, na kumi kati yao wamelala usingizi juu ya madawati kabla ya mapumziko. Zamani ningechapa kiboko mezani. Leo nimefundisha kwa sauti ya chini.

–

Jumapili, 15 Januari

Masumbuko ameondoka na ng'ombe waliobaki kuelekea ziwani kutafuta majani. Mzee Ngusa alisimama barabarani mpaka vumbi likaisha, halafu akarudi nyumbani akapita mbele yangu bila kunisalimia. Hilo hajawahi kulifanya. Kwa hiyo maziwa nayo ndiyo basi.

–

Jumanne, 17 Januari

4.1. Haikutosha hata kutuliza vumbi.

Jumatano, 25 Januari

–. Mawingu kila siku. Hili ndilo linalonitia wazimu. Kama kungekuwa na jua tupu ningejua moja. Lakini yanakuja, yanajaa, yananguruma upande wa milimani, halafu yanaondoka na kila kitu chao.

Yudita amekuja kukaa. Nilimwekea ugali, akamega vipande viwili, vilivyobaki akavifunga kwenye kanga kwa ajili ya watoto, akifanya haraka kana kwamba mimi sioni. Nikamsogezea na sufuria.

"Unanilisha, mwalimu, nami nilikuwa nimekuja kukusema tu," alinitania. "Unakonda, nani atakuoa?"

"Mwenye ghala."

"Basi utaolewa na panya. Ndio wenye maghala mwaka huu."

Tulicheka. Alipocheka niliona meno yamekuwa makubwa usoni mwake.

Alhamisi, 2 Februari

Nimekasirika, mwandiko usamehewe.

Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Asajile, nimekuwa nikimwona mtu wa vikao, mtu wa kusema "tutalitazama". Wiki mbili hizi ametembea mara mbili kwa miguu na mtendaji wa kata kufuata mahindi ya msaada wilayani. Leo amerudi, amekaa kwenye kiti changu cha darasani bila kuomba, akavua viatu mbele ya watoto. Kata yetu haimo kwenye orodha.

"Haimo vipi?"

"Wana ramani, Mwalimu Tabita. Imetoka chuo kikuu, imepigwa na hiyo mitambo ya angani. Wameigawa kata kwa kata kwa rangi. Sisi tuna rangi ya buluu. Buluu maana yake tumepata mvua ya kutosha."

"Waje waone!"

"Nimewaambia. Wakasema magari ni mawili na kata zenye rangi nyekundu ni kumi na moja, hawawezi kwenda kwenye buluu." Akatazama soksi zake. "Wakasema pia kwamba kituo cha ardhini kimethibitisha."

Kituo cha ardhini ni mimi. Hakuna kingine bondeni hapa.

Nimekwenda nyuma ya ofisi nikaufungua mtungi, nikaitoa chupa, nikaigeuza. Buibui alikuwa amejenga ndani. Hao watu wamenichanganya na kituo kingine, labda cha milimani, labda cha kule wanakovuna. Na Dokta Lusungu, ambaye nilikuwa nikimheshimu mpaka namtaja kwa watoto, anakaa ofisini na viyoyozi vyake akipaka watu wenye njaa rangi ya buluu.

Jumatatu, 6 Februari

Bahasha ya chuo. Nilidhani ni radhi. Ni mwaliko: Kongamano la Utafiti wa Anga za Juu na Ushirikiano, tarehe 22, nauli na malazi juu yao. Nimeteuliwa kuwa msimamizi bora wa kituo kwa mwaka na nitapewa cheti.

Nitakwenda. Lakini cheti chao watakitafutia pa kukiweka.

–

Jumapili, 12 Februari

Nimekuta Yudita uani anamenya ndiga. Ni mizizi ya porini, minene, ina sumu. Wanaoijua huikata vipande vyembamba, huvitia kwenye kapu na kuvilaza mtoni kwenye maji yanayokwenda siku nne, tano, mpaka sumu yote ichukuliwe. Ndiyo chakula cha miaka mibaya.

"Mto uko wapi, dada Yudita?" nilimuuliza. Mto wetu umekauka tangu Krismasi. Tunachota kwenye shimo mchangani, ndoo moja kwa nusu saa.

"Nitalaza kwenye pipa, nabadilisha maji."

"Mara ngapi?"

"Kadiri nitakavyopata." Hakuinua macho. "Usinitazame hivyo. Naonja mimi kwanza, nakaa mpaka jioni, ndipo nawapa wao. Mama alikuwa anafanya hivyo hivyo, na mimi nimekua."

Nimempa unga niliokuwa nao ukiacha wa siku tatu. Nimemwapisha asiile mpaka nirudi na habari. Akaapa huku akiendelea kumenya.

Jumapili, 19 Februari

–. Kesho naondoka alfajiri na lori la mizigo. Mwalimu Asajile atanisomea kioo. Mzee Ngusa amekuja kuniaga, akaniwekea mkono kichwani. "Waambie tupo," alisema.

Jumatano, 22 Februari

Naandika kwenye chumba cha wageni cha chuo. Nje ni jioni na watu wanapiga picha.

Ukumbi ni mkubwa, una mapazia na bango refu lenye jina lote la kongamano. Kila mtu alipewa chupa ya maji. Nilishika yangu nikashindwa kuifungua. Waliongea wageni wa nchi mbalimbali juu ya vyombo vinavyozunguka dunia, namna vinavyoona mafuriko kabla hayajafika, namna vyuo vya Afrika vinavyoweza kugawana picha. Neno ushirikiano lilisemwa kila baada ya sentensi mbili. Sikatai, mengine yalinivutia, na nilijichukia kwa kuvutiwa.

Halafu Dokta Lusungu akapanda. Ni kijana kuliko ninavyomkumbuka, suti imempwaya. Akaniita mbele, "mama yetu wa Mbangala", watu wakapiga makofi, nikapewa cheti chenye muhuri wa dhahabu. Akaniomba nisimame hapohapo wakati anaonyesha ukutani. "Tazameni Januari," alisema. "Setilaiti na kituo hiki vimekubaliana kwa asilimia tisini na nane. Milimita mia moja arobaini na tatu."

"Dokta," nilisema, "samahani. Hizo mia na arobaini na tatu zimenyesha wapi?"

"Mbangala, mama. Ni takwimu zako."

"Januari nimepima milimita sita."

Ukumbi ukacheka kwa upole, wanavyomcheka bibi aliyekosea njia. Yeye alitabasamu, akafungua jedwali ili anisaidie. Siku thelathini na moja zikatokea ukutani. Mbili zilikuwa nyeupe: 4.1 na 1.9. Nyingine zote ishirini na tisa zilikuwa zimepakwa njano, na kila moja ina namba ndani yake: 7.3, 5.8, 9.0. Namba ambazo sikuziandika mimi.

"Hizi za njano ni siku ambazo hukupima, mama. Uliweka kistari. Kompyuta ikikuta kistari inajaza kwa makadirio ya setilaiti. Setilaiti inaona wingu zito, baridi, inakisia mvua."

"Nilipima," nilisema. "Nilipima kila siku saa tatu. Kistari ni jua."

Hakuna aliyecheka tena. Dokta Lusungu alinisogelea, akaongea kwa sauti ya kusikika kwangu tu. "Mwongozo, ukurasa wa pili. Kavu ni sifuri. Kistari ni kwamba kipimo hakikuchukuliwa. Mpaka Novemba ulikuwa unaandika sifuri, mama Tabita. Ilikuwaje?"

Na jibu nilikuwa nalo. Kwamba kuna mzee alisimama mezani kwangu na kibuyu cha maziwa akaniomba nisiifukuze mvua. Niliwatazama wale watu na miwani yao nikajua nikilisema watalichukua, wataliandika, litakuwa mfano wa kuchekesha kwenye makongamano mengine. Nikasema, "Ni kosa langu."

Halafu nikasema mengine, na hayo niliyasema kwa sauti kubwa, na nililia, na sioni haya. Kwamba huko chini watu wanamenya sumu. Kwamba kata yetu imetolewa kwenye orodha ya chakula kwa sababu ya rangi hii ya buluu iliyo ukutani hapa mbele yao. Mgeni mmoja aliinamia jirani yake atafsiriwe. Mwenyekiti akatangaza mapumziko ya chai.

Wengi walikwenda kunywa chai. Dokta Lusungu hakwenda. Alivuta kiti cha pili mbele ya kompyuta, tukaanza, mimi nasoma daftari na yeye anafuta: Novemba, Desemba, Januari, kila njano ikawa sifuri. Vidole vyake vilikuwa vinakosea herufi. Alipomaliza alichora ramani upya, na Mbangala ikageuka kutoka buluu kuwa nyekundu iliyoiva, nyekundu kuliko zote. Akashika kichwa.

"Kwa nini hukuniuliza?" nilimwambia. "Ukurasa mzima wa vistari, hukushangaa?"

"Vilikubaliana, mama," alisema. "Kilichokubaliana sikukiuliza."

Ameandika barua kwa mkoa na wilaya leo hii hii, imekwenda kwa faksi nikiiona. Nilimwuliza itachukua muda gani. Akasema wiki tatu, labda nne, maana orodha lazima ipitishwe upya. Nilikuja hapa kumchukia, na ingekuwa rahisi zaidi kuendelea kumchukia.

Wiki nne.

Alhamisi, 23 Februari

Iyula, kwa mama. Lori la kwenda bondeni haliondoki Mlowo mpaka Jumamosi. Huku mahindi yana kimo cha mtu na mvua imenyesha asubuhi yote. Mama ameniandalia ugali na maharage, nimemega mara mbili, nikaiacha sahani. Amenifungia debe la mahindi ya mwaka jana nimpelekee Yudita.

Ijumaa, 24 Februari

Bado nipo Iyula. Nimekwenda mpaka barabarani kuuliza lori jingine. Hakuna.

Jumapili, 26 Februari

Nimefika jana jioni. Lori liliponishusha na debe langu niliona watu wengi kwa mzee Ngusa, nikadhani chakula kimefika kwa njia nyingine. Nikaharakisha.

Yudita amezikwa jana mchana.

Niliyoambiwa ni haya. Alhamisi unga uliisha. Ijumaa asubuhi alitoa ndiga kwenye pipa, ilikuwa imelala siku tano lakini maji aliyabadilisha mara tatu tu, akaipika. Watoto walikaa kuzunguka sufuria. Akawakataza, akala yeye, akawaambia wakacheze mpaka jua lishuke. Saa nane akaanza kusema koo linawaka, miguu haina nguvu. Masumbuko yuko ziwani, hapakuwa na ng'ombe wa kuvuta mkokoteni. Wanaume wanne walimbeba kwenye kitanda kuelekea zahanati, Mwalimu Asajile akiwa mmoja wao. Hawakufika. Mwalimu Asajile mabega yake yamechubuka, amenionyesha, halafu akaomba radhi kwamba Ijumaa alisahau kusoma kioo.

Watoto wote ni wazima. Hawakuonja.

Mzee Ngusa yuko kwenye mkeka. Nilimpa pole, akanishika mkono. Hakuniuliza habari za chuo. Debe la mama limepikwa kwa ajili ya waliokuja kuzika.

Jumatatu, 27 Februari

0.0

Alhamisi, 9 Machi

0.0. Nimehesabu kwenye kalenda. Ningeandika sifuri kama nilivyofundishwa, ramani ya Desemba ingekuwa nyekundu, na wilaya ilitengeneza orodha yake katikati ya Januari. Nimehesabu kwa njia nyingi, nikitafuta njia ambayo Yudita anakufa hata hivyo. Sijaipata.

Ijumaa, 17 Machi

0.0. Familia nne zimehama. Darasani nina watoto ishirini na wawili. Edina anakuja kwangu kila baada ya shule, nampa ninachokipata. Anasema baba yake hali chakula. Anawagawia wao chake, halafu anakwenda kukaa kwenye zizi tupu.

Jumanne, 21 Machi

Malori mawili yameingia saa tano. Mahindi ya njano. Watu hawakushangilia, walijipanga tu. Nilipanga watoto wangu mstari kama tunavyokwenda paredi, nikawa naimba wimbo wa kuhesabu ili wasisukumane, na sauti ikanikatika kwenye saba.

0.0

Jumamosi, 25 Machi

0.0. Nimempelekea mzee Ngusa ugali wa mahindi hayo. Alinawa, akashukuru, akaupeleka kwa watoto. Mwezi mzima sasa. Mifupa ya mabega yake inaonekana kupitia shuka. Nikamwambia, baba, kipo cha wote sasa, kula. Akasema, "Mayu, nikitia mdomoni namwona anaonja."

Jumapili, 2 Aprili

Mkutano wa kijiji. Mwalimu Asajile alisoma barua ya chuo, nami sikujua ataisoma. Wanasikitika kwa ucheleweshaji wa msaada, "uliotokana na hitilafu katika ujazaji wa daftari la kituo". Hakunitaja jina. Hakukuwa na haja, kijiji kizima kinajua daftari ni la nani. Wengine walinigeukia. Mzee Ngusa hakugeuka. Alikuwa anatazama chini, na kidole chake cha shahada kilikuwa kinapita juu ya mavumbi, kifupi, hivi, kisha tena.

Sikulala vizuri.

Jumatatu, 3 Aprili

Mzee Ngusa alikuja saa kumi, Edina akiwa kwangu anafanya hesabu. Hakukaa. Alijishika kwenye fremu ya mlango.

"Mayu, ile barua. Hitilafu gani?"

"Niliandika vibaya, baba."

"Vibaya vipi?"

Sikumjibu upesi, na nadhani hapo alikaribia kujua. Akasema polepole, "Ni ile nafasi? Ile niliyokuomba tuiachie?"

Miaka mitatu nimewaambia watoto kwamba namba haimwonei mtu haya. Nilisimama ukumbini mbele ya wenye miwani nikadai ukweli wa milimita sita. Na sasa ukweli ulikuwa hapo mlangoni, umekonda, unanitazama kwa macho ya mtu anayeomba asipewe anachokiomba.

"Hapana," nilisema. "Siyo ile. Ile haina neno, chuoni wanaielewa. Ni nukta, baba. Ukiweka nukta mahali pasipo pake, sita inakuwa sitini. Niliandika nikiwa na haraka, sikurudia kusoma. Nukta yangu."

"Nukta tu?"

"Nukta tu."

"Siyo ile."

"Siyo ile."

Aliiachia fremu ya mlango, akasimama mwenyewe. Halafu uso wake ukabadilika. Niliuona ukibadilika kidogo kidogo, na sikugeuka.

"Basi ni wewe," alisema.

"Ni mimi, baba."

"Alikuuguza siku tisa."

"Ndiyo."

Akamwita Edina kwa Kisukuma. Mtoto akakusanya penseli zake, akanitazama, akamtazama baba yake. "Twende," alimwambia kwa Kiswahili sasa, ili nami nisikie. "Huku kwa mwalimu usije tena." Walipovuka njia alikuwa amemshika mkono, na alikuwa anatembea haraka kuliko nilivyomwona akitembea tangu Februari.

Jumanne, 4 Aprili

0.0

Wakati wa mapumziko Edina alibaki darasani wenzake walipotoka. Alisimama karibu na mlango, mbali nami, maana amekatazwa kunisogelea.

"Mwalimu," alisema, "jana usiku baba alikula ugali. Alimaliza, akaomba mwingine."